Mfuko Mwekundu Uliobaki Kambani

Kila Jumamosi asubuhi, mkoba wa mama ulishushwa kutoka kwenye msumari wake nyuma ya mlango na kulazwa mkekani. Ulikuwa mkoba mkubwa wa kubeba mgongoni, wa rangi ya chungwa, wenye mistari iliyong'aa ukimulikwa na taa. Mama alikuwa mhudumu wa dharura wa zahanati. Simu ilipolia, awe anakula au anafua, aliuvaa mkoba, akapanda pikipiki na kumfuata mgonjwa huko huko alikoumia.

Msaidizi wake wa kuutunza alikuwa binti yake wa darasa la sita. Kaka yake alimbandika jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, na jina likamganda. Chiriku aliujua mkoba ule kuliko alivyolijua begi lake la shule. Ndani yake mlikuwa na mifuko midogo ya rangi. Wa buluu ulikuwa wa vifaa vya kumsaidia mtu anayeshindwa kupumua. Wa kijani ulikuwa wa plasta na dawa za vidonda vidogo. Mwekundu ulikuwa wa damu: ulibeba shashi, bandeji pana na mkanda wenye kijiti cha kukazia, wa kufunga mkono au mguu unaovuja damu nyingi.

Jumamosi hiyo mkoba ulikuwa umejaa tope. Jana yake mama alikuwa amehudumia watu waliopinduka na gari kwenye mvua.

"Leo tunafua, hatufuti tu," mama alisema. "Toa kila kitu, weka kwenye beseni safi. Mifuko ianike kivulini, jua kali linaharibu kitambaa. Na usirudishe kitu kwenye mfuko wenye unyevu. Shashi ikilowa haifai tena."

"Najua, mama. Kazi hii naweza kuifanya hata nikiwa nimelala."

"Mimi nataka uifanye ukiwa macho," mama alijibu, akaingia jikoni.

Chiriku alifua, akasuuza, akaanika mifuko kwenye kamba chini ya upenu wa nyuma. Wa buluu na wa kijani ilikauka upesi, akaipanga vizuri mahali pake. Mwekundu ulikuwa na kitambaa kizito. Kila alipoubonyeza kwenye mshono, maji yalimlowesha vidole.

Hapo ndipo rafiki zake wawili walipochungulia langoni. Walikuwa wanakwenda kwenye mazoezi ya mpira wa pete.

"Mwalimu amesema asiyefika leo hachezi Jumatatu," mmoja alisema. "Tukuache?"

Chiriku aliutazama ule mfuko mwekundu unaodondosha maji. Akajiambia kwamba angerudi mapema aumalizie. Lakini mkoba ulikuwa umebonyea katikati, na mama angeona mara moja. Alichukua taulo safi, akalikunja, akalisukuma pale penye pengo. Akafunga zipu na kuutundika mkoba msumarini.

"Mkoba tayari?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Tayari, mama."

Mazoezini alifunga mabao mengi akasifiwa, na mfuko ukamtoka kichwani kabisa. Aliukumbuka aliporudi mchana, akiwa ananawa miguu bombani. Alikuwa bado na povu la sabuni miguuni simu ya mama ilipolia.

"Karakana ya mbao? Msumeno?" Sauti ya mama ilisikika ndani. "Mlazeni chini. Inueni mkono juu, mgandamize kwa nguvu penye jeraha. Msiuachie. Nakuja."

Mama alitoka mbio, mkoba mgongoni, akifunga kofia ya pikipiki. Alipita hatua chache tu kutoka aliposimama Chiriku. Chiriku alifungua mdomo. Siku zote maneno yalimjia kabla hajayaita, lakini sasa hayakuja. Aliwaza jinsi mama angemtazama. Alipopata sauti, pikipiki ilikuwa imeshakata kona.

Nyuma ya nyumba, mfuko mwekundu ulikuwa ukipepea kambani, mkavu.

Huenda jeraha ni dogo, alijaribu kujituliza. Huenda pale karakana wana bandeji zao. Lakini alikuwa amesikia neno msumeno, na alikuwa amesikia jinsi mama alivyosema "msiuachie". Aliuvuta mfuko kambani, akakimbilia beseni. Kwa haraka zake bandeji moja ilimponyoka na kuviringika kwenye maji ya sabuni yaliyomwagika chini. Aliiacha. Akapakia zilizobaki, shashi na mkanda.

Kaka yake alikuwa mbele ya nyumba, amepindua baiskeli anapaka mnyororo mafuta.

"Mama amekwenda bila huu," Chiriku alisema, akiuinua mfuko.

"Si ulimwambia tayari? Nilikusikia."

"Nilimdanganya. Niliweka taulo."

Kaka alimtazama, akafuta mikono kwenye suruali na kupiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Mama hapokei simu akiwa anaendesha. Kaka akaisimamisha baiskeli.

"Panda. Shika sana."

Njia nzima ya kwenda karakana ya mbao, ng'ambo ya soko, Chiriku aliukumbatia mfuko kifuani. Kaka alikanyaga pedali huku akihema, na kila walipopunguza mwendo, Chiriku aliona kama damu ya mtu asiyemjua inamwagika kwa sababu yake. Sokoni lori lilikuwa limeziba barabara, wapakuaji wakishusha magunia bila haraka. Hakungoja. Aliruka chini, akapenya kati ya magunia na kukimbia mbele, kaka akimfuata na baiskeli begani.

Karakana ilikuwa kimya. Mashine zilikuwa zimezimwa na mafundi walisimama wakitazamana. Katikati, juu ya unga wa mbao, alilala seremala mnene mwenye mvi, midomo imempauka. Mama alikuwa amepiga magoti, amevaa glavu, anaugandamiza mkono wa seremala kwa taulo. Lilikuwa ni taulo lile lile, lakini rangi yake ya awali haikuonekana tena.

"Mama," Chiriku alisema. "Huu hapa."

Mama aliinua macho mara moja tu. Hakuuliza chochote.

"Fungua. Nipe mkanda kwanza."

Chiriku alimpa. Mama aliuzungusha juu ya kiwiko, akakikaza kijiti. Seremala aliguna kwa uchungu. Mama akakaza tena, akatazama, akasubiri. Damu ikapungua, kisha ikakoma kutiririka.

"Shashi. Zote. Sasa bandeji pana."

Alipomaliza kufunga, mama aliandika kwenye plasta saa aliyoukaza mkanda, akaibandika juu yake ili daktari aione. "Baba, unanisikia? Zungumza nami. Una watoto wangapi?"

"Wengi," seremala alinong'ona. "Usiniulize majina."

Fundi mmoja alicheka huku akifuta machozi. Muda si muda gari la wagonjwa lilifika, na mama akaondoka nalo.

Alirudi nyumbani jioni. Chiriku alikuwa amekaa mkekani, hajala.

"Amepona?"

"Ameshonwa, na vidole vinasogea. Daktari anasema amepoteza damu nyingi, lakini atarudi kazini." Mama aliketi karibu naye. "Lile taulo halikutosha. Mikono yangu ilikuwa inaanza kuchoka."

Chiriku alilia. "Nisamehe, mama. Mfuko ulikuwa haujakauka, nami nilitaka kwenda mazoezini. Nilipokuona unatoka nilitaka kukuambia, nikaogopa. Pale karakana, mbona hukunigombeza?"

"Kwa sababu nilikuwa na mgonjwa. Ningekasirika, mikono ingetetemeka." Mama alivua viatu. "Sasa nimekasirika, na Jumatatu mpira utauangalia ukiwa benchi. Lakini na mimi nina langu. Mkoba huu naubeba mimi. Nilipaswa kuufungua mwenyewe kabla ya kuutegemea, na kuanzia sasa tutaukagua wote wawili."

Aliufungua mkoba, akaanza kutoa vitu kimoja kimoja. Chiriku akasogeza beseni.

"Asubuhi ungeniambia mfuko bado una maji," mama aliendelea, "ningekwambia uende ukacheze, niumalizie mimi. Basi. Ukiniambia ukweli, hata kama ni mbaya, napata nafasi ya kufanya jambo. Ukinidanganya, nagundua nikiwa nimeshapiga magoti mbele ya mtu anayevuja damu. Kuogopa si kosa, mwanangu. Hata leo uliogopa, lakini ulimwambia kaka yako ukweli, ukaja mbele ya watu wote na ule mfuko mkononi. Ndiyo maana yule baba atarudi kwa watoto wake."