Diski ya Terabaiti Kumi na Sita

Kila Jumamosi, baada ya kukamua ng'ombe na kupeleka maziwa barabarani, Nelvine Chelang'at aliandamana na mamake hadi sokoni Kapkatet kufungua studio. Kilikuwa chumba kimoja chenye pazia la buluu, kiti kirefu na meza ya kompyuta. Mamake, Sally, alipiga picha za pasipoti. Nelvine alizikata kwa makasi na kuzitia kwenye bahasha ndogo.

Zamani studio ile ilikuwa na shughuli nyingi zaidi. Isaiah, babake Nelvine, alirekodi video za harusi, mazishi na sherehe za shule, kutoka Litein mpaka Sotik. Miaka miwili iliyopita alifariki katika ajali ya pikipiki, barabara ikiwa na utelezi wa mvua. Kazi yake yote ilibaki ndani ya kompyuta moja kuukuu. Humo pia mlikuwa na folda iliyoitwa Nyumbani. Ndani yake Isaiah alionekana akimfundisha Nelvine kuendesha baiskeli, huku akicheka na kumwambia asitazame chini.

Mwaka huu kompyuta ilianza kukoroma. Wakati mwingine ilijizima yenyewe katikati ya kazi.

"Hii kompyuta ikifa, itakufa na babako," Sally alisema siku moja.

Nelvine alikuwa gredi ya saba, na katika chama cha kompyuta shuleni hakuna aliyemshinda. Alimweleza shida yao Mwalimu Mochama, aliyewafundisha kompyuta. Mwalimu aliketi naye wakati wa mapumziko.

"Nunueni diski ya nje, ile ya kuchomeka kwa waya," alisema. "Terabaiti mbili zinawatosha. Nendeni duka linalojulikana, linalotoa risiti na dhamana. Mkishanakili, msifute chochote kwenye kompyuta ya zamani mpaka mfungue faili za kila folda, za mwanzo, za katikati na za mwisho. Halafu mtafute diski ya pili, mweke nakala nyingine mbali na ya kwanza. Umeandika?"

"Nimeandika, Mwalimu."

Jumamosi iliyofuata walienda Sotik. Dukani waliziona diski za terabaiti mbili, nyeusi, nzito kidogo mkononi. Nje ya duka lile, mtu mmoja alikuwa ametandaza bidhaa zake juu ya meza: chaja, vipokea sauti vya masikioni, na diski moja ya rangi ya fedha iliyoandikwa terabaiti kumi na sita. Bei yake ilikuwa chini ya zile za dukani.

"Mama, hii inabeba mara nane ya ile," Nelvine alisema.

"Lakini Mwalimu alisema tununue dukani."

"Mwalimu hajaiona hii. Mimi navijua vitu hivi, Mama."

Sally aliigeuza ile diski mkononi. "Mbona ni nyepesi hivi?"

"Za kisasa ni nyepesi."

Nelvine hakuwa na hakika. Aliona tu kwamba mwuzaji alikuwa akimsikiliza, akaona haya kusema hajui. Sally, ambaye kompyuta aliijua kwa kuwasha na kuzima, alimwamini mwanawe. Waliinunua, bila risiti.

Nelvine alianza kunakili Jumatatu, baada ya masomo. Aliichomeka diski, akaipa jina la babake, kisha akaanza kuhamisha folda moja baada ya nyingine. Kazi ilikuwa ya polepole. Ilichukua jioni nne, na majina yote yakaonekana upande wa pili kama yalivyokuwa. Sally alikuwa ameandika orodha ya folda kwenye daftari, sitini na moja kwa jumla, ili Nelvine atie alama kila akishamaliza kuikagua moja.

Ijumaa alifungua folda tatu za kwanza. Video zilicheza vizuri. Folda ya nne ilikuwa na faili nyingi, na wenzake walikuwa wamemwambia wangeanza mazoezi ya voliboli saa kumi. Alitazama saa. Akachukua kalamu akatia alama kwenye folda zote zilizobaki, kutoka juu mpaka chini.

"Umefungua zote?" Sally aliuliza alipoingia.

"Zote."

"Na ile ya nyumbani? Ya babako?"

Nelvine aliinama akifunga kamba za viatu. "Hata hiyo, Mama."

Kesho yake alizifuta faili zote za kompyuta ya zamani kwa mikono yake mwenyewe, ili iuzwe. Molly, mwanamke mwenye duka la kuchapisha barua pale Sotik, alikuja akainunua kwa bei ndogo ili aitengeneze. Sally aliongezea akiba yake, akapata kompyuta ndogo ya mkononi.

Wiki tatu zilipita. Jumatano moja, wakati Nelvine ametoka shule na kuketi studioni akifanya kazi za nyumbani, aliingia Mama Eddah Obonyo. Alikuwa amevaa sare ya wachuma majani chai, na vidole vyake vilikuwa na weusi wa majani. Wote pale sokoni walijua kwamba alikuwa amempoteza mwanawe, Calvince, mwezi wa Februari, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

"Mama Nelvine, habari za hapa," alisema.

"Karibu, Mama Calvince. Keti."

"Sikai sana. Unakumbuka mzee wako alikuja kwetu Calvince alipomaliza chuo cha ufundi? Alimrekodi akitoa shukrani. Ile santuri ya DVD tuliyopewa ilikwaruzwa na watoto. Jumamosi ya wiki ijayo tuna ibada ya kumkumbuka pale kambini kwa wachuma chai. Simu yangu ina picha zake. Sauti ndiyo sina. Nataka kumsikia tu."

"Ipo," Sally alisema kwa furaha. "Mzee hakuwa akitupa kitu. Nelvine, mtafutie."

Nelvine alichomeka diski. Jina lilikuwepo: Obonyo, Shukrani. Alibonyeza. Kioo kikawa cheusi, kikaandika kwamba faili haiwezi kufunguliwa. Alibonyeza tena, kisha akajaribu faili ya pili na ya tatu.

"Nini?" Sally aliuliza.

"Labda ni hii kompyuta, Mama. Labda inataka programu nyingine."

Mama Eddah aliketi taratibu. Alitazama kioo kile cheusi kana kwamba kijana wake angetokea akingojewa. Kisha akasema, "Basi mtaniambia," akainuka, akashukuru, akatoka.

Sally alichukua kipanya mwenyewe. Hakuifungua tena video ya Calvince. Alienda moja kwa moja kwenye folda ya Nyumbani, akabonyeza faili ya kwanza, ya pili, ya tano, ya kumi. Zote zilikataa. Alibonyeza polepole, na Nelvine alisikia kila mbonyezo kama kitu kinachompiga kifuani.

"Sikuzifungua," Nelvine alisema.

Sally hakugeuka.

"Nilifungua tatu tu. Zingine nilitia alama nikaenda voliboli. Nilikudanganya, Mama. Hata ya Baba sikufungua."

Alitarajia kupigiwa kelele. Afadhali angepigwa. Sally aliweka viganja viwili juu ya meza, na machozi yakamdondoka bila sauti. Hatimaye alisema, "Vaa sweta. Twende kwa Mwalimu kabla hajatoka."

Mwalimu Mochama aliichomeka diski ile kwenye kompyuta ya shule na kuipima kwa programu. Kisha akachukua bisibisi akaifungua. Ndani hamkuwa na diski. Mlikuwa na kadi ndogo ya kumbukumbu, ya kutiwa kwenye simu, imebandikwa kwa gundi, na kipande cha chuma cha kuongeza uzito kidogo.

"Inabeba gigabaiti sitini na nne tu, hazifiki hata sehemu ya kumi ya terabaiti moja," alisema. "Imetengenezwa iseme uongo. Ikijaa, inaendelea kuonyesha majina, lakini ndani haiweki kitu. Ndiyo maana zile folda za kwanza zilicheza. Kompyuta ya zamani iko wapi?"

"Tuliiuza Sotik," Sally alisema.

"Nani aliifuta?"

"Mimi," Nelvine alijibu.

Mwalimu alisugua kipaji cha uso. "Faili ikifutwa haiondoki papo hapo. Inabaki pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kila siku kompyuta hiyo inapotumika, kitu kinapotea. Mpigieni mwenyewe sasa hivi, mwambieni aizime."

Molly aliizima. Kesho yake alikataa kabisa kulipwa kwa usumbufu, akampa Mwalimu ile kompyuta yote. Alisema, "Mzee Isaiah ndiye aliyerekodi mazishi ya mama yangu. Chukueni."

Safari hii walinunua diski mbili dukani, za terabaiti mbili kila moja, kwa risiti na dhamana. Sally aliuza ndama ili kuzilipia. Kabla ya kuweka chochote, Mwalimu alimfanya Nelvine aijaze ya kwanza kwa faili za majaribio mpaka pomoni, azifungue, kisha azifute. Baada ya hapo Mwalimu aliifanyia ile kompyuta ya zamani uokoaji wa faili, na kila alichokipata alikiweka kwenye diski mpya.

Picha nyingi zilirudi. Video, kwa kuwa ni kubwa, zilikuwa zimeharibika zaidi, maana Molly alikuwa ameijaza kompyuta na kazi za wateja kwa wiki tatu. Ya Calvince ilikuwa ya dakika arubaini. Zilirudi dakika kumi na moja. Katika hizo, alisimama mbele ya hema akiwa na suti iliyompwaya, akasema, "Mama yangu ameamka saa kumi na moja kila siku, amechuma majani kwenye baridi, ili mimi nikae darasani. Mama, asante. Sasa upumzike." Kisha picha ikakwama.

Katika folda ya Nyumbani zilirudi picha mia mbili. Video haikurudi hata moja.

"Nijaribu tena?" Mwalimu aliuliza.

"Jaribu," Sally alisema.

Alijaribu mara tatu. Video ya baiskeli haikupatikana.

Ijumaa ya wiki iliyofuata Nelvine aliomba aende kambini kwa Mama Eddah. Sally aliandamana naye, lakini walipofika mlangoni alibaki nyuma hatua mbili. Nelvine alieleza yote: diski, alama kwenye daftari, voliboli, na jinsi siku ile alivyosingizia kompyuta.

"Tumepata dakika kumi na moja," alimalizia. "Zilizobaki nimezipoteza mimi. Naomba unisamehe, Mama Calvince."

"Iliyopotea ilikuwa na wimbo," Mama Eddah alisema. "Aliniimbia." Alifuta macho kwa kona ya leso. "Umenikosea, mtoto wangu, siwezi kusema hujanikosea. Lakini umekuja na miguu yako. Kesho uje, wewe ndiwe utakayebonyeza."

Siku ya ibada, watu walijaa mpaka nje ya kanisa dogo la kambi. Nelvine alibonyeza. Sauti ya Calvince ilipotoka kwenye spika, Mama Eddah aliinuka kutoka kwenye benchi, akasimama wima na mikono kifuani, akaisikiliza akiwa amesimama mpaka ilipokatika. Hakuna aliyemwambia akae.

Wakirudi nyumbani kwa njia ya katikati ya mashamba ya chai, Nelvine alilia waziwazi. "Nimeanza kuisahau sauti ya Baba," alisema. "Usiku nikijaribu kuikumbuka, inakuja ya mtu mwingine."

Sally alisimama njiani akamshika mabega.

"Nisikilize, Nelvine. Kudanganywa na mwuzaji si kosa lako peke yako, hata mimi nilikuwa pale. Na kuchoka na kazi si dhambi. Lakini siku ile nilipokuuliza, kompyuta bado ilikuwa mezani, na kila kitu kilikuwa ndani. Ungesema 'bado, nimefungua tatu tu', tungekuwa na Calvince mzima na babako mzima. Neno 'bado' ni dogo na halimuaibishi mtu. Kazi ambayo haijaisha, sema haijaisha. Ukweli uliousema jana ni mzuri, ila ulichelewa, na kuna vitu havingoji."

"Utanisamehe, Mama?"

"Nimekusamehe. Bado nina uchungu. Vyote viwili vinakaa pamoja."

Wiki iliyofuata walipeleka diski ya pili, yenye nakala ya vyote vilivyookolewa, kwa dada yake Sally kule Kedowa, ili moto au mwizi wa Kapkatet asizipate zote mbili. Nelvine alinakili upya ile orodha ya folda sitini na moja. Kila Jumamosi alasiri alitembelea familia mbili au tatu ambazo rekodi zao zilikuwa zimepotea, akawaambia wazi na kuuliza kama walikuwa na nakala nyumbani. Wengine walikuwa nazo kwenye santuri au simu, akazihifadhi. Wengine hawakuwa na chochote, na baadhi yao walimkaripia. Alisimama akawasikiliza mpaka mwisho. Alipofungua faili na kuiona ikicheza, mwanzo, katikati na mwisho, ndipo alipotia alama.