Hua Wasio na Jeraha

Siku za mapumziko, kila mtu nyumbani kwa kina Chiriku alijua kazi yake. Kaka alichukua manati akaenda porini kuwinda ndege, mama alibandika sufuria, naye Chiriku, aliyebandikwa jina hilo kwa kutofunga mdomo, alinyonyoa manyoya nyuma ya jiko huku akisimulia habari ambazo hakuna aliyemuuliza.

Asubuhi hiyo kaka alirudi mapema mno. Umande haujakauka, naye ameshatupa chini hua watano wanono.

"Leo sikukosea hata jiwe moja," alijigamba. "Wanyonyoe upesi, shangazi anakuja kula."

Chiriku alianza kazi, kisha akanyamaza ghafla. Aliwageuza wale hua mmoja mmoja. Hakuna bawa lililovunjika wala tone la damu.

"Kaka, uliwapiga wapi?"

"Kichwani."

"Mbona vichwa vizima?"

"We mtoto una maneno! Mwindaji ni mimi au wewe?" Lakini alisema hayo akitazama pembeni, na hapo shaka ikazidi kumwingia Chiriku.

Alipowapasua, alikuta gole, ule mfuko wa chakula ulio shingoni mwa ndege, limejaa punje nyekundu kama zilizopakwa rangi. Punje za namna ile alishaziona mahali. Wapi? Kabla hajakumbuka, mama alikuja akaichukua nyama.

"Mama, hawa hua..."

"Hebu nipumzishe masikio, mwanangu. Kaoge, mgeni yuko njiani."

Wakati wa kula ukafika. Mchuzi ulinukia hadi uani. Shangazi alikuwa ameshamega tonge na kulichovya, ndipo Chiriku akakumbuka: ni jirani yao, siku ya kupanda, kajifunga kitambaa puani, akiwafukuza watoto wasiguse mbegu zake zilizotiwa dawa ya kuua wadudu. Zilikuwa nyekundu vilevile!

Aliruka akalifunika bakuli kwa mikono miwili.

"Msile! Hawa wamekufa kwa sumu!"

"Adabu gani hiyo mbele ya shangazi yako?" baba alifoka.

"Baba, muulize kaka amewatoa wapi!"

Wote wakamgeukia kaka. Kijasho chembamba kilimtoka.

"Niliwaokota," alisema kwa sauti ndogo. "Kando ya shamba la jirani. Siku za karibuni narudi bila kitu, nikaona aibu. Sikujua wamekula sumu, wallahi."

Shangazi aliliweka tonge chini polepole. Baba aliinuka. Alibeba bakuli na sufuria, akachimba shimo refu nyuma ya nyumba, akafukia kila kitu mbwa wasije wakala. Mama alimshika Chiriku mikono akamnawisha kwa sabuni, akarudia, akarudia tena.

Mchana huo walikula mboga za majani. Walipomaliza, shangazi alimwita kaka karibu.

"Ungerudi bila ndege, mwanangu, tungekosa kitoweo tu. Lakini uongo wako umebakiza kidogo uingie tumboni mwangu. Ndege uliyemkuta amekufa haliwi, hata awe mnono vipi. Na jambo usilolitenda, usijisifie."

Kisha akamgeukia Chiriku. "Nawe, ukishuku chakula, usingoje mpaka tumekaa kula. Piga kelele tangu jikoni."

"Alipiga, wifi," mama alisema, macho chini. "Mimi ndiye sikumsikiliza."