Kibao Shingoni mwa Kauthar

“Simama, Kauthar. Kibao ni chako.”

Darasa zima likaangua kicheko. Kwenye masomo ya jioni ya Mwalimu Abubakari, pale mjini Mugumu, jirani na mbuga ya Serengeti, aliyekosea Kiingereza alivishwa kibao cha mbao shingoni, akakaa nacho mpaka mwingine akosee. Kauthar alikuwa amesema “borrow” pale palipotakiwa “lend”. Nani humo hakuwahi kulikosea hilo? Sisi kuazima ni kuazima tu, uwe unatoa au unapokea.

“Mwalimu, leo nisamehe,” alisema kwa sauti ndogo. “Shangazi zangu wako pale mlangoni.”

Shangazi walikuwa wamempitia waende kununua kitambaa cha posa. Ijumaa washenga wa Abubakari huyuhuyu walikuwa waende kwao. Darasani hakuna aliyejua, na Abubakari aliogopa kuambiwa anapendelea mchumba.

“Hapa hakuna cha kusamehewa,” alisema, akamvika. Kisha, jamani, akaongeza: “Kichwa hiki kinajua kushona tu!”

Akacheka kuliko wote. Kauthar akavua kibao, akakiweka mezani, akatoka bila kuaga.

Abubakari alipiga simu, haikupokelewa. Baadaye ujumbe ukaingia: “Washenga wako wasije. Baba ameshajua.”

Aibu ilimshika mpaka chakula kikamshinda. Kila alipokumbuka kicheko chake mwenyewe, alitamani ardhi ipasuke.

Asubuhi akajivika kibao, akakatiza nacho katikati ya soko. Modesta, mwanafunzi wake anayeuza dagaa, akamwona.

“Mwalimu! Na wewe umekosea?”

“Sana, Modesta. Nimemuumiza Kauthar. Ni mchumba wangu.”

“Mchumba wako? Na ukamsema vile? Aisee mwalimu, huna haya!”

Alitembea na macho chini mpaka barazani kwa Mzee Swaleh, baba yake Kauthar, fundi cherehani.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Mwenyewe yule pale. Mimi usiniulize kitu.” Mzee akaendelea kukanyaga cherehani.

Kauthar alikuwa anakata kitambaa.

“Vua hicho. Watu wanaangalia.”

“Na jana walikuwa wanaangalia.”

“Abuu, kukosea hakukuniuma. Nataka kazi kwenye kambi za watalii, nitakosea mpaka nijue. Kilichoniuma, ulicheka wewe. Wangecheka wote, ukanyamaza wewe tu, ningevumilia.”

“Niliwaogopa watu, nikakukana mbele yao. Naona aibu, Kauthar. Nisamehe.”

“Na watoto wetu wakikosea, utawavika?”

Machozi yakamtoka, mwanaume mzima, mbele ya wateja. “Hapana. Wallahi hapana.”

Kauthar akanyanyua mkasi, akasogea, akakata kamba. Kibao kikaangukia kwenye vipande vya vitambaa.

“Leo jioni uwaambie wanafunzi wako mimi ni nani kwako.”

“Nitawaambia.”

“Tumeshajua, mwalimu!” Modesta alipaza sauti kutoka barabarani, beseni la dagaa kichwani. “Soko zima limejua!”

Kauthar akajikuta anacheka, akaziba mdomo kwa mtandio. Hapo Mzee Swaleh akasimamisha cherehani, akachukua futi yake ya kupimia.

“Washenga waje Ijumaa. Ila kanzu ya bwana harusi nitashona mimi. Njoo hapa nikupime hiyo shingo.”