Mtoto Aliyekatazwa Kuitika

Ndugu zangu wenye watoto, na ninyi mnaotarajia, sogeeni kidogo. Kuna nyumba moja nataka kuwaeleza habari zake. Wenyewe siwataji, maana nia yangu si kumwaibisha mtu.

Ilikuwa nyumba tulivu: vyumba viwili nyuma ya ua, baba kinyozi, mama fundi wa kushona, na binti yao wa pekee ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Asubuhi mama alikanyaga cherehani yake chini ya dirisha, na mtoto alijikunyata chini ya meza akipanga vipande vya vitambaa kwa rangi, huku akiuliza maswali chungu nzima bila kungoja majibu. Ungepita hapo ungetamani kukaa.

Shida ilikuwa jina la mtoto.

Silitaji nalo. Si kwamba ni siri. Sina hakika kama naliweza, na kinyozi akisikia nimelikosea atanifuata mpaka huku. Alilitunga mwenyewe mkewe akiwa bado kwenye kitanda cha uzazi. Alichukua kipande cha jina la marehemu mama yake, kipande cha jina la mchezaji aliyempenda, na mkia aliousikia kwenye runinga, akavishona pamoja mpaka herufi zikabanana kama watu kwenye benchi la zahanati. Mke alipothubutu kusema kwamba hata yeye linamkwama, aliambiwa, "Jina jema hung'ara gizani." Methali hiyo inasifu tabia ya mtu, matamshi haiyahusu. Lakini nani angemweleza hayo baba mpya aliyejaa furaha?

Jina gumu peke yake si kosa. Watu wangelikosea, wangechekana, wangelizoea. Ulimi hauna mfupa. Kosa ni kwamba kinyozi aligeuka askari wa jina. Mteja aliyelikosea alilazimishwa kulirudia huku nusu ya kichwa imeshanyolewa, na aliyecheka alirudi kwake na nusu hiyohiyo.

Mkewe ndiye aliyebeba mzigo. Pale uani kila mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe. Sasa huyu aitweje? Kusema "Mama" na kuishia hapo ilikuwa kama kumdharau, na kuendelea ilikuwa kujitafutia kesi. Basi majirani wakaona heri wasimwamkie kabisa. Wengine walimpachika Mama Nanihii, kwa kunong'ona, nao hawakujua kwamba dirisha lake husikia kila kitu. Polepole akaacha kutoka. Kazi zake alizipokea mlangoni, mtoto alimpeleka haja na kumrudisha ndani, na jioni ilipofika alikuwa hajasema na mtu mzima yeyote isipokuwa mumewe. Nyumba yake mwenyewe ikawa inamkaba.

Siku moja alijikaza. "Baba mtoto, hebu tumtafutie jina la nyumbani, fupi tu. Watu wanatukimbia."

"Watu wavivu wa ulimi tu hao," mume akajibu, akijifuta nywele za wateja shingoni. "Leo watampunguzia jina, kesho watampunguzia heshima. Mimi nimeshamfundisha. Muulize mwenyewe."

Mtoto akachungulia kutoka chini ya meza. "Siitiki mpaka walitaje sawasawa."

"Umemsikia? Anajua thamani yake."

Mama akanyamaza. Jamani, hapo nawaomba msimame kidogo. Moyo wake ulimwambia kwamba hilo si jambo la kumfundisha mtoto. Lakini akibisha ni ugomvi wa wiki nzima, na asipobisha ndiyo haya. Mbele mwiba, nyuma mwiba. Akainamia cherehani yake akaendelea kushona, na mumewe akadhani amekubali.

Jirani na ua huo kulikuwa na seremala aliyetengeneza makabati ya nguo na kuyapanga kwenye banda la mabati yangoje wenyewe. Watoto walikatazwa kucheza mle, na watoto ni watoto. Mchana mmoja wa jua kali mama alichepuka kumpelekea mteja gauni. Aliporudi, chini ya meza hapakuwa na mtu.

Alianza kwa kuita polepole, asisikike. Hebu fikirieni: mwana amepotea, na mama bado anaogopa watu watasikia jina. Alipomaliza kuzunguka ua bila kumwona, hofu ilimshinda aibu, akapiga ukelele. Majirani walipouona uso wake walisahau vinyongo vyote wakatoka. Mama mwenye nyumba, muuza mkaa, seremala na msumeno mkononi, kila mmoja aliita alivyoweza. Huyu alilikata jina katikati, yule alilimalizia kwa lake. Walipita mbele ya yale makabati wakienda, wakapita tena wakirudi. Mama naye aliita mpaka jina likamvunjikia mdomoni, likawa linatoka vipande vipande.

Baba akaitwa kazini. Alifika mbio, taulo la mteja lingali begani, naye akaita. Mtu huyu aliyewasahihisha wazee kwa vijana alipasuka sauti, akazimeza herufi zilezile alizokuwa akiwakaripia wenzake kwa kuzimeza. Akarudia, ikawa vibaya zaidi. Hakuna aliyemcheka. Hakuna aliyeitika pia.

"Shemeji, tuache kuita," seremala akamwambia yule mama. "Kuita hakutusaidii. Tufungue kila chenye mlango."

Wakafungua vyoo, stoo, mapipa, hata gari bovu lililolala nyuma ya ua. Kisha seremala akaingia bandani mwake akafungua kabati moja baada ya jingine, na moja akalikuta komeo lake limejiangukia kwa nje. Mtoto alikuwa amejikunja sakafuni mwake, amelowa jasho, midomo imekauka, macho nusu wazi. Wakamlaza kivulini, wakampepea kwa kipande cha boksi, wakamdondoshea maji mdomoni kidogo kidogo. Kwa muda mrefu mama hakujua kama anamshika mtoto au anamuaga. Halafu yule mtoto akapepesa macho, akaomba maji mwenyewe.

"Mwanangu, hukutusikia tukikuita?"

"Niliwasikia."

"Sasa mbona hukuitika?"

"Wote walikosea." Akamgeukia kinyozi. "Na wewe baba ulikosea."

Kinyozi akapiga magoti vumbini. "Itika tu, mama. Mtu yeyote akikuita, itika."

"Hata akikosea?"

"Hata akikosea."

Mtoto akafikiri kwanza. "Hutanichapa tena?"

Hapo ndipo mama alipojua mwanawe alivyofundishwa somo lile, siku zile alipokuwa bado akitoka na kumwacha na baba yake. Kinyozi alifungua mdomo, akawatazama majirani, akainamisha kichwa. Mkewe alimpakata mtoto vizuri, kisha akasema kwa sauti ambayo hakuna jirani aliyewahi kuisikia kwake:

"Mjibu. Mtoto amekuuliza."

FUNZO

Sisemi msiwape watoto majina mageni. Mpe mwanao jina ulipendalo, na watu wafundishe kulitamka kwa upole, kwa kicheko, kwa kurudia. Lakini jina ni la mtoto. Tusiligeuze fimbo ya kuwapigia wengine, wala ya kumpigia yeye. Na wewe mwenzi unayeona nyumba inakwenda kombo ukanyamaza ili amani ipatikane, jua kwamba kuna mtu mdogo anayeilipia amani hiyo.

Kinyozi alijibu siku ile, na neno lake amelishika. Majirani sasa wanamwita mtoto kila mmoja kwa ulimi wake. Lakini mpaka leo akiitwa, kwanza humtazama baba yake usoni, ndipo aitike.