Kidole Juu ya Aya

Saveta aliusukuma mlango kwa kiuno, mikono imejaa kuni, akasema kama waumini wa kijiji kile wanavyosema kila waingiapo nyumbani, hata kama ndani hamna mtu: "Amani ya Bwana."

"Amani," akajibiwa kutoka chumba cha mbele.

Ilikuwa mchana mweupe, theluji ikimeta dirishani. Aliziweka kuni kando ya jiko, akaanza kumlalamikia mumewe kwamba mpini wa shoka umelegea na yeye anakaa tu kusoma. Alipoinua macho alimwona huyo mumewe, Nechifor, kule chini kabisa ya bustani, amevaa kofia yake ya manyoya, anagonga mzinga mmoja mmoja kwa kidole na kutega sikio asikie kama nyuki wameuvumilia usiku. Binti yao Teia alikuwa shuleni.

Akaenda chumba cha mbele. Hapakuwa na mtu. Biblia ilikuwa mezani, wazi, na kitambaa alichoifunika nacho asubuhi kilikuwa kimekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya kiti. Halafu palikuwa na harufu. Mke wa mfuga nyuki hawezi kuikosea harufu ile: ni ya mzinga uliokufa, asali iliyochacha na majana, wale watoto wa nyuki, yaliyooza ndani ya sega. Alifungua dirisha, akaifunga Biblia, akajiambia ni uchovu.

Katika vijiji vile vya milima ya Bukovina watu ni wa namna mbili. Walio wengi ni wa kanisa la mishumaa na sanamu zilizochorwa kwenye mbao. Wachache ni hawa wanaoitwa Watubu, wasiokunywa, wasiovuta, wasioapa, na wanaotaniwa kila siku dukani kwa hayo. Nechifor alizaliwa Mtubu. Baba yake aliificha Biblia ile ndani ya mzinga enzi serikali ilipokuwa ikivisaka vitabu vya dini, na mpaka leo mgongo wa kitabu hicho una nta. Saveta alitoka kwenye mishumaa. Alibatizwa mtoni kwa ajili ya mapenzi kwanza, imani ikamfuata baadaye, taratibu, ikakaa.

Nechifor alikuwa mtu mwema. Hajawahi kumpiga mkewe wala kumdanganya mteja wa asali. Kosa lake lilikuwa moja, nasi waumini tusiwe wepesi kumcheka, maana ni wengi tunaolijua kosa hilo. Kila lilipomkabili jambo, aliomba kwa ufupi, akafumba macho, akaifungua Biblia popote, akashusha kidole. Aya iliyo chini ya kidole ndiyo jibu la Mungu. Baba yake alifanya hivyo, na kanisani walimsifu. Mwaka mmoja aliuliza kama auze ndama, kidole kikaangukia habari za yule mwana mpotevu, mlete ndama aliyenona mkamchinje. Wakamchinja. Wakala nyama mpaka Pasaka, na Saveta akasema, "Baba Teia, siku nyingine muulize Bwana kabla ya msimu wa kupanda, nipande viazi vya kutosha nyama yote hii." Walicheka wote, hata yeye.

Mwaka wa mkasa huu lakini Teia, msichana wa miaka kumi na minne, alianza kukonda na kunywa maji kama ng'ombe. Mjini daktari akasema ni sukari, ile inayowashika watoto, na kwamba atajidunga insulini kila siku maisha yake yote. Dawa ikakaa mlangoni mwa friji, pembeni ya jamu ya plamu. Msichana akanona, akarudia kuimba.

Na Nechifor akauliza.

Kidole kilishuka juu ya mfalme Asa, aliyeugua miguu, na katika ugonjwa wake hakumtafuta Bwana bali waganga. Asubuhi iliyofuata kikashuka palepale. Na iliyofuata.

"Unaona, mama Teia? Biblia nzima, kurasa zote zile, na inafunguka hapahapa."

"Naona. Na naona mgongo wake umechakaa, utafunguka palipozoea."

"Hujachakaa hapo. Umechakaa kwenye Zaburi."

Saveta aliisogeza Biblia kwake, akasoma akifuata mistari kwa kijiko. "Mbona husomi kuanzia juu? Huyu mfalme alishamfunga gerezani mtu aliyemwambia kweli, kabla hata hajaumwa. Dhambi yake ilianza kule."

"Sikuulizia juu," Nechifor alisema. "Nimeulizia mtoto."

Baada ya hapo nyumba ikazidi kutoa sauti. Akiwa jikoni anakoroga ugali wa mahindi ya njano, Saveta alisikia chumba cha mbele karatasi nyembamba zikipinduliwa, moja, nyingine, halafu nyingi kwa pamoja, haraka, mpaka sauti ikawa kama mbawa. Akiingia, kimya. Harufu tu. Teia naye alisema kwa kunong'ona, akila, asimwangalie baba yake:

"Mama, baba huwa anasoma kwa sauti mbili?"

"Sauti mbili vipi?"

"Anasema neno, halafu linasemwa tena. Nyuma yake kidogo."

"Kula, mwanangu."

Jirani yao, Bibi Paraschiva, alikuwa wa kanisa la mishumaa, mjane mwenye ulimi. Alimkuta Saveta uani amesimama na ndoo tupu.

"Nyie Watubu," alisema juu ya uzio, "mnatuona sisi washenzi kwa kubusu mbao. Mimi nikiwa msichana palikuwa na padri kijiji cha pili, anawafungulia watu Kitabu kwa kuku na mafuta. Mchumba atarudi? Anafungua. Nani kaiba kondoo? Anafungua. Mumeo anafungua bure, ndiyo tofauti yenu."

"Ni Neno la Mungu, Bibi."

"Nani kabisha? Lakini binti yangu, ukisimama njiapanda kila asubuhi unaita, 'Jibu, jibu,' wala huangalii anayekuja ni nani, basi kuna siku atakuja aliyekuwa karibu." Alijipiga ishara ya msalaba. "Yule padri alikutwa amekaa mezani, amekufa, jicho wazi. Walimzika na kurasa. Hazikubanduka kwenye mkono."

Ijumaa Saveta alifungua friji, akakuta jamu peke yake.

Alimtafuta mumewe akamkuta chumba cha mbele, kidole juu ya aya, midomo inatembea.

"Dawa iko wapi?"

"Nimemkabidhi Bwana."

"Nechifor. Iko wapi?"

"Kwenye mzinga mtupu," alisema bila kuinua kichwa, kwa upole wa mtu anayemwelekeza mgeni. "Toka jana asubuhi. Teia nimemwambia asikusumbue."

Alikimbia na viatu vya ndani. Vichupa vilikuwa vimeganda, barafu ndani yake, na aliyemfundisha hospitali alimwambia wazi kwamba dawa hii ikishaganda imekufa. Teia alikuwa amelala tangu alfajiri akisema ni mafua. Saveta aliinamia uso wake, akaisikia pumzi: tamu, ya matufaha yaliyooza, ileile waliyomwonya hospitali. Binti alivuta hewa kwa nguvu kama anayepanda mlima.

Simu yake haikuwepo mahali pake. Akamlilia Bibi Paraschiva juu ya uzio aite gari la wagonjwa, akamuona bibi akikimbia ndani, ndipo akashuka mpaka kwa Ndugu Zaharia, kiongozi wa kanisa lao, aliyekaa jirani na daraja, akamwombe aje amwonye Nechifor. Alimkuta anakula supu. Alimweleza yote akiwa amesimama mlangoni.

Ndugu Zaharia aliweka kijiko chini. "Andiko lilikuwa lilelile kila siku?"

"Lilelile."

"Dada Saveta, mimi nitakuombea. Lakini nikisimama mbele ya mtu mwenye andiko mkononi, nimwambie nini? Nimpinge Mungu?" Macho yake yalikimbilia bakuli. Alikuwa anaogopa, na aliyemwogopa hakuwa Mungu.

Aliporudi, Nechifor alikuwa ameweka kiti mbele ya mlango wa chumba cha Teia, mgongo umeegemea mbao, Biblia mapajani. Nyuma ya mlango pumzi ya msichana ilisikika, ndefu, inakwaruza. Hakuna taa iliyowashwa wala iliyohitajika. Jua la theluji lilijaa chumba chote, na ndani ya mwanga ule Saveta aliona jambo ambalo angelipenda kuliona gizani ili aweze kulikana, kwamba kurasa zilikuwa zinapinduka zenyewe chini ya kidole cha mumewe, huku kidole hakiinuki, zinapita chini yake kama maji yanavyopita chini ya jiwe, na kila ziliposimama mdomo wake ulifunguka, lakini sauti ilikuwa imekwisha kutoka kabla midomo haijaanza kutikisika.

"Gari linakuja," alisema Saveta. "Nipishe."

"Imeandikwa," ikasema sauti, na ilikuwa ya Nechifor kama koti la mtu lilivyo la mtu hata likivaliwa na mwingine, "malaika zake atawaagiza wakulinde. Mikononi mwao watakuchukua, usije ukajikwaa mguu wako katika jiwe. Amina."

Hapo ndipo Saveta alisimama, maana bibi yake mzaa mama, mwanamke wa mishumaa asiyejua kusoma, alimfundisha zaburi ile akiwa mdogo, na alimfundisha kuisema yote bila kukata, akimwambia zaburi ni kama shuka, ukiikata miguu inabaki nje. Na zaidi ya hapo alikumbuka ni nani aliyewahi kumwambia Yesu maneno hayohayo juu ya kinara cha hekalu, na kwamba naye aliishia palepale kwenye jiwe.

"Hakuna amina hapo," alisema. "Endelea."

Kurasa zikasimama.

"Soma mstari unaofuata."

"Imeandikwa, mke na awe mnyenyekevu..."

"Usiruke. Unaofuata."

Kurasa zilianza kupinduka nyuma na mbele, kasi, zikivuma, na harufu ya mzinga uliokufa ikapanda mpaka akaionja ulimini, na Saveta akatembea kuelekea kile kiti akisema mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, ile anayoitumia kuwaita kuku, kwamba utawakanyaga simba na nyoka, mwana-simba na joka utawaseta kwa miguu, na tena imeandikwa, usimjaribu Bwana Mungu wako, tena imeandikwa Luka alikuwa tabibu na Paulo akamwita mpenzi, na kila aliposema "tena" kichwa cha mumewe kiligonga mlango kwa nyuma kana kwamba mtu amekisukuma.

Akakishika kile kidole. Kilikuwa baridi kuliko barafu ya vichupa, na kimegandamana na karatasi.

"Aliniita," sauti ikamwambia, chini sana, karibu na sikio lake, na safari hii haikuwa andiko. "Kila asubuhi."

"Hakukuita wewe. Alimwita Bwana."

"Bwana hujibu polepole. Huyu alitaka jibu kabla ya chai."

Saveta alijua ni kweli. Akasema tu, akilia, yale wanayoyajua hata watoto wa shule ya Jumapili, "Kwa jina la Yesu wa Nazareti, toka," akavuta kidole kwa nguvu zake zote. Ngozi ilibaki kwenye ukurasa.

Hakikuvunjika kioo, wala hakuna aliyepiga yowe. Nje tu, kule chini ya bustani, mizinga ilianza kunguruma, na katika baridi ile ambayo nyuki hawathubutu hata kuchungulia walitoka, wote, wakapanda juu kama moshi, wakazunguka nyumba, halafu wakaanguka. Theluji ikawa kahawia toka uzio mpaka uzio. Bibi Paraschiva, aliyekuwa langoni kuwaonyesha njia watu wa gari, aliyaona kwa macho yake, na mpaka leo ukimuuliza anakukatisha.

Nechifor alikuwa sakafuni. Walimruka wakambeba msichana.

Teia aliishi. Alilala siku nyingi bila fahamu, akaamka na jicho moja lisiloona sawasawa, akarudi nyumbani majira theluji inapolainika. Nechifor naye alikatwa ncha ya kidole. Madaktari walisema ni baridi. Alipopata nguvu alimpigia mkewe magoti, akapiga magoti mbele ya binti, akakiri kanisani mbele ya wote, na Ndugu Zaharia akatazama viatu vyake. Tangu hapo jioni wanasoma Biblia kama watu wanavyosoma, sura nzima, kuanzia ilipoanza. Saveta ndiye anayeisoma. Nechifor anasikiliza akiwa amekalia mikono yake.

Jumapili moja kabla ya chakula Saveta, mikono yake ina unga, alimwambia, "Baba Teia, leo mdunge wewe."

Alitaka amani irudi kati yao wawili. Nechifor alinawa, akatia dawa kwenye sindano kwa uangalifu, akachuchumaa mbele ya kiti cha binti yake. Teia alipandisha blauzi kidogo, akabana ngozi ya tumbo.

"Haya, baba."

Sindano haikutembea.

"Baba. Haiumi, dunga tu."

"Subiri kidogo."

"Nasubiri nini?"

Nechifor alikuwa ameinamisha kichwa upande, shingo imegeukia mlango wa chumba cha mbele, macho hayatazami chochote, kama mtu aliyeuliza jambo na bado hajaambiwa ndiyo.

Teia alimwangalia. Kisha aliitoa sindano mkononi mwa Nechifor, polepole, akimfungua kidole kimoja kimoja, akajidunga mwenyewe, na muda wote ule hakuondoa jicho lake zima usoni mwa baba yake.