Saa Saba ya Diane

Kila Jumamosi, nyumba ya akina Diane mtaani Turffontein, Johannesburg, iliamshwa na cherehani. Mama yake alishona sare za shule, Diane alikata nyuzi, na kaka yake Yves alitafuna mkate huku akitafuta mtu wa kumtania. Hakuhitaji kutafuta mbali.

"Kiswahili chako kina matundu mengi kuliko soksi zangu," alimwambia.

Yalikuwa kweli, na ndiyo maana yaliuma. Diane alizaliwa hapohapo Johannesburg, baada ya wazazi wake kuhama kutoka Burundi. Kiingereza na Kizulu vilimtoka kama maji ya bomba, lakini Kiswahili alikielewa nusunusu. Kwa hiyo alijibunia dawa: kila alichoambiwa, aliitikia "ndiyo", upesi, kabla mtu hajashtuka.

Jumamosi moja ya Desemba, mwaka 2011, dawa hiyo ilimgeuka. Shangazi Léocadie alikuwa amewatembelea kutoka Bujumbura, na alitamani kuliona jumba la kasino lililokuwa jirani, ambalo ndani yake, aliambiwa, mbingu imechorwa darini. Mama alikuwa na kazi ya haraka, basi akamkabidhi Diane randi themanini.

"Watoto hawaingii kwenye michezo ya kamari. Tembezeni macho tu, kisha mle," alisema. "Shangazi ana ugonjwa wa sukari, na sindano yake ameshachoma. Lazima ale saa saba. Umesikia?"

Diane alijua saba ni 'seven', na 'seven' ni jioni. Akaona ajabu kidogo. Akataka kuuliza, ila Yves alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Ndiyo, Mama!"

Kasino ilimeremeta. Mbingu ilikuwepo kweli, ya buluu, na vijiwingu visivyokwenda popote. Saa ya ukutani hapakuwa na hata moja, wala dirisha. Diane alimburuta shangazi yake kutoka mkahawa hadi mkahawa, akisoma bei milangoni ili ajue jioni watakula wapi. Kuku, randi mia moja na ishirini. Samaki, usiulize. Hata saladi ilitaka kuwamaliza. Ghorofani, chini, ghorofani tena, miguu haikutulia.

"Mwanangu, saa saba bado?" Shangazi aliuliza.

Diane akatazama simu. Saa yake ilisoma 13:20.

"Bado, Shangazi. Bado sana!"

Shangazi alikuwa mgeni, na mgeni hadai chakula. Akazidi kumfuata. Baada ya muda akashika ukuta. Jasho lilimtiririka usoni ingawa ndani kulikuwa na baridi, na mikono ilimtetemeka.

"Sukari…" alinong'ona. "Nipe kitu chenye sukari."

"Eish! Lakini si umekatazwa sukari?" Diane alitazama huku na huku. Akapiga kelele, kwa Kizulu, kwa Kiingereza, na mwisho kwa Kiswahili chake chenye matundu: "Saidia! Shangazi anaanguka!"

Mlinzi mmoja alifika mbio. Alikuwa Mtanzania, jina lake Mussa. Alimketisha Shangazi, akachukua juisi kwenye duka la pembeni, akamnywesha taratibu.

"Mama huyu ana ugonjwa wa sukari, naona. Alitakiwa kula saa ngapi?"

"Saa saba. Sindano ameshachoma, lakini saa saba bado haijafika!"

"Haijafika? Sasa inakaribia saa nane!"

"Lakini 'seven' ni jioni…"

Mussa alimtazama, akaelewa. "Binti, saa za Kiswahili tunahesabu tangu jua linapochomoza. Saa saba ni hiyo mnayoiita 'one'. Sindano imeshafanya kazi, na tumbo ni tupu. Ndiyo maana sukari imemshuka mno."

Diane alitamani ile mbingu ya kuchora imwangukie.

Shangazi alipopata nguvu, Mussa akawatoa kwa mlango wa wafanyakazi. "Humu ndani wanakula walioshinda kamari. Sisi tunakula kwa Mamie."

Ng'ambo ya barabara, Mamie, mama mmoja wa Lubumbashi, alipakua ugali, maharage na nyama kwa randi ishirini na tano sahani. Shangazi alianza kula. Diane alimtazama kila tonge likishuka.

"Nisamehe, Shangazi. Sikuelewa Mama alichosema. Nilijifanya nimeelewa."

Shangazi alinawa mikono kwanza.

"Kutojua si kosa, mwanangu. Hata mimi bomba lenu la maji moto lilinishinda jana, nikaita watu. Kosa lako ni kuitikia usilolijua. Hiyo 'ndiyo' yako ingenizika ugenini. Usipoelewa, uliza. Watakucheka? Wacheke. Bora wakucheke wewe kuliko wanililie mimi."

Diane aliinamisha kichwa, kisha akakiinua polepole.

"Basi, Shangazi… 'juzi' ni lini hasa? Miaka yote nimekuwa nikiitikia tu."

Mamie alicheka hadi mwiko ukamponyoka. Shangazi akamsogezea Diane kiti karibu, akaanza kumweleza.