Ramani Isiyo na Ndia ya Kutoka

— Nimeingia, mama, na sasa sitoki.

Huwaida alibonyeza kitufe cha Tab, akabonyeza tena. Laptopu ikarudia neno lilo hilo: "Ramani. Ramani. Ramani." Tangu utotoni haoni, mausi haina faida kwake, kompyuta humsomea naye huiendesha kwa vitufe.

— Kitu kinachokutia ndani kisikupe ndia ya kutoka ni mtego, alisema mamake, Bi Tima. — Na aliyekitengeneza ndiye unayetaka akuoe.

— Fadhil atairekebisha. Tajiri wake kamwambia kanuni za kurasa zimebadilika. Kila kinachoonyeshwa na mausi, kisomwe pia kwa kibodi.

Ilikuwa ramani ya boti za kukodi za Amu, yaani Lamu. Ijumaa baada ya swala, Fadhil akapiga simu.

— Kipenzi, ramani yako tayari. Ijaribu.

— Uko wapi?

— Kililana, huku bara, kazini. Nikirudi tupange siku ya nikahi.

— Peke yako?

— Na nani tena? Una wivu kuliko paka wa sokoni.

Huwaida akacheka. Bi Tima hakucheka.

— Ngoja, usikate, nijaribu.

Tab. "Boti ya kwanza. Amu. Haina abiria." Huwaida akatabasamu. Ramani imemtii.

Sasa, boti hizo haziondoki kabla nahodha hajaingiza majina ya abiria, na majina hutokea mausi ikigusa boti. Fadhil alijua hilo. Alilosahau ni kwamba ameyapa sauti.

Tab. "Boti ya pili. Shela. Abiria: Fadhil na mkewe Wanjira. Fungate."

Bi Tima akashika ukingo wa meza.

— Umesikia, Fadhil? Huwaida aliuliza taratibu.

Sauti ya kike ikasikika karibu na simu:

— Ni nani huyo, mume wangu?

— Huwaida, hiyo ramani ina makosa...

— Haina. Umeitengeneza vizuri. Ungeniambia una mke, ningejua ninamoingia.

Akakata simu. Akabonyeza kitufe cha kutoka, na safari hii ramani ikamwachia.

Bi Tima akampigia fundi: — Ile nguo ya harusi, usiikate.

Nawe binti, mtu akikwambia "niamini tu, wewe huoni," mwambie asome kwa sauti.